Alama za mzee wa solo: kisa cha kozi moja ya muziki Dar es Salaam

Kamati ya mitihani haikukaa hata saa nzima. Ilipomaliza, kozi ya muziki wa dansi katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam ilikuwa imefutiwa alama zote za vitendo. Binti aliyekuwa na B+ akapanda hadi A. Kijana aliyekuwa na A akashuka hadi B+. Mzee aliyewafundisha gitaa muhula mzima na kuwapa alama hizo hakuandikiwa barua wala kupigiwa simu. Habari alizipata kwa yule kijana, tena katika mazungumzo ya mambo mengine.

Chuo sikitaji, na wahusika nitawaita kwa nafasi zao. Nimezungumza na mhadhiri wa kozi, wanafunzi hao wawili, na mzee mwenyewe. Juu ya lililotokea hawapingani. Wanapingana juu ya nani alikosea, na kwa maoni yangu kila mmoja ameshika kipande kidogo tu cha kosa.

Anaajiriwa kama nani?

Kozi ilikuwepo miaka mingi kama kozi ya kusoma. Mwanafunzi alijifunza historia ya bendi, majina ya mitindo, nani alihama kutoka bendi gani kwenda ipi, na angeweza kuondoka na A bila kugusa uzi wa gitaa. Mtaala ulipopitiwa upya, mhadhiri msaidizi mmoja kijana akapendekeza nusu ya kozi iwe ya kupiga. Wanafunzi waunde bendi ndogo zenye gitaa la solo (linaloongoza), rizimu (gitaa linaloshika mwendo), besi, dramu, tumba na waimbaji wawili watatu, na mwisho wa muhula wapige mbele ya watu. Pendekezo likapita.

Mhadhiri huyo anasoma nota vizuri, anapiga kinanda, na ana shahada ya uzamili ya muziki. Solo la dansi hapigi. Analijua kwa kulisikiliza, na alikuwa muungwana wa kutosha kulisema hilo mapema. Akamtafuta mzee mmoja aliyepiga solo katika bendi za jiji hili tangu miaka ya sabini, ambaye siku hizi anafundisha vijana wachache barazani kwake Magomeni. Mzee akakubali. Barua ikaenda kitengo cha utumishi, ikarudi na swali moja: anaajiriwa kama nani?

Unaweza kulicheka swali hilo mpaka uambiwe ulijibu wewe. Ngazi ya chini kabisa ya kufundisha katika vyuo vikuu vya umma, yaani mkufunzi msaidizi, inadai shahada ya kwanza yenye GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.8 kati ya 5. Mhadhiri msaidizi anadaiwa na uzamili wenye GPA ya 4.0. Fundi sanifu naye lazima awe na cheti chake cha ufundi. Mzee aliishia darasa la saba. Mlango uliobaki ulikuwa wa "mgeni mwalikwa": analipwa posho kwa kila kipindi kupitia fomu ya madai, na jina lake halionekani popote kwenye karatasi za kozi. Kwa maandishi, mwenye kozi ni mhadhiri msaidizi peke yake. (Uhasibu nao hawakubaki nyuma. Walimtaka mzee alete risiti ya EFD. Mtu amebanana na gitaa lake kwenye daladala kutoka Magomeni, anadaiwa mashine ya risiti.)

Kilichofundishwa

Wanafunzi wote niliozungumza nao wanakumbuka kwamba wiki za mwanzo hakuna aliyeruhusiwa kugusa solo. Mzee aliwaweka kwenye rizimu. Walituni magitaa kwa sikio, simu zikiwa zimezimwa, na kabla ya kuutafuta wimbo kwenye nyuzi waliuimba kwanza. Asiyeweza kuuimba hakupewa gitaa. Magitaa yenyewe yalikuwa matano kwa darasa la watu kumi na kadhaa, kwa hiyo sheria hiyo ilisaidia pia kupunguza foleni.

Kisha akawafundisha namna wimbo wa dansi unavyokwenda. Sehemu ya kwanza ni ya mwimbaji. Anasimulia kisa chake polepole, na solo kazi yake ni kumjibu mwishoni mwa mstari, kwa maneno machache. Sehemu ya pili ni chemko. Waimbaji wanarudia kibwagizo kifupi, tarumbeta na saksafoni zinaingia, magitaa yanafungamana kila moja likiwa na kazi yake, na walioketi wanasimama kucheza. Katikati ya sehemu hizi mbili kuna mlango, na mara nyingi anayeufungua ni mpiga solo. Anapiga kifungu kimoja kifupi ambacho bendi nzima inakijua, na wote wanageuka pamoja. Mzee alitumia vipindi vingi kwenye mlango huo kuliko kitu kingine chochote. Bendi ya kwanza ya wanafunzi ilipogeuka bila mtu yeyote kuhesabu kwa sauti, walishangilia wenyewe mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Binti wa kisa hiki alikuja chuoni akiwa na msingi wa piano na mitihani ya madaraja ya Uingereza. Mhadhiri alipoandika baadhi ya vifungu vya solo kwa nota, yeye alivipiga vyote kama vilivyoandikwa, bila kukosea. Taabu ilikuwa kwamba alivipiga wakati wote. Hakuacha nafasi. Mzee akamwambia zaidi ya mara moja, "Mwanangu, muache mwimbaji naye apumue." Binti alisikia upole wa babu. Hakujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa tathmini yake.

Kijana anapiga gitaa kanisani Jumapili na kwenye kumbi za harusi Jumamosi. Nota hasomi. Insha zake, mhadhiri anasema, zinaumiza macho. Lakini alikuwa akisikia kifungu mara mbili anakipiga, na mara ya tatu anakipunguza.

Alama za kozi zilipangwa kwa mgawanyo uliozoeleka wa 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho, ila hizo 60 zikakatwa nusu kwa nusu: 30 za kuandika, 30 za kupiga. Siku ya kupiga, mzee alikaa mbele na daftari la shule. Akaandika majina, tarakimu, na maneno mawili matatu pembeni. Kwa kijana: 29, "anasikia". Kwa binti: 8, "mkono safi, masikio bado". Kwa mwingine: "anakimbia". Mhadhiri alinakili tarakimu kwenye fomu ya chuo, akatia saini peke yake, akapeleka.

Ukijumlisha, binti alikuwa na 32 za muhula, 26 za kuandika na 8 za kupiga, jumla 66. Kijana alikuwa na 30, 13 na 29, jumla 72. Binti anataka kubaki chuoni kufundisha, na kwa hesabu za GPA, B+ moja mwaka wa mwisho inaweza kumweka chini ya ile 3.8. Akakata rufaa. Barua yake ilikuwa fupi na haikumtukana mtu. Alisema hawakuelezwa wanapimwa kwa vigezo gani, aliyetoa alama si mtahini wa chuo, na bendi nyingine ilipewa gitaa lenye nyuzi bora.

Kamati ikamuuliza mhadhiri kama alama ni zake. Angeweza kusema ndiyo, na kisa kingeishia hapo. Akasema si zake. Wakaomba mwongozo wa kusahihishia, haukuwepo. Wakaomba rekodi ya siku ile, haikuwepo. Basi wakafuta zile 30 na kukokotoa alama zilizobaki, 70, kuwa mia. Binti akafika 83, kijana 61.

Walipokosea

Idarani wengi wanamlaumu binti, na hilo si haki. Hoja zake mbili za kwanza zilikuwa kweli tupu, na hata ya tatu ilikuwa na ukweli, maana nimeyaona magitaa hayo. Mwanafunzi anayelipa ada ana haki ya kujua anapimwa nini. Kamati nayo ilikuwa sahihi kuuliza maswali yote matatu. Mtahini asiye na mwongozo wala kumbukumbu hakubaliki maabara ya kemia, hakubaliki popote.

Walipokosea ni kwenye dawa. Mtihani wa kupiga unarudiwa. Wanafunzi walikuwa bado wako chuoni, magitaa yapo, mzee yuko Magomeni. Wangeweza kuita watahini wawili, wakaandika vigezo, wakarekodi, kazi ikaisha kwa siku moja. Wakachagua kufuta kwa sababu kufuta kunaweza kufanyika mezani. Na kwa kufuta waliamua jambo kubwa kuliko rufaa ya mtu mmoja. Waliamua kwamba kozi ya muziki inaweza kubaki kozi kamili, yenye alama mia, baada ya muziki kuondolewa ndani yake. Sidhani kuna hata mmoja wao aliyelitazama hivyo siku ile.

Mhadhiri ana fungu lake pia. Alimleta mzee lakini hakufanya kazi ya kukaa naye ili kile anachokijua kiwekwe kwenye maneno. Nilimuuliza mzee swali ambalo lingepaswa kuulizwa wiki ya kwanza: ukiandika "anasikia", unamaanisha nini?

Alinieleza akiwa na gitaa mapajani, akinionyesha. Anayesikia, dramu ikichelewa kidogo, hamwachi mpiga dramu akabaki peke yake nyuma. Anamfuata, kisha wanarudi pamoja. Mwimbaji akirefusha neno, solo inangoja. Akiingia kwenye chemko anajua rizimu imekaa kwenye nyuzi za chini, kwa hiyo yeye anapanda juu ili wasisukumane. Akikosea, anakosea kwa namna ambayo bendi haisimami. Na uzi ukilegea katikati ya wimbo, anausikia kabla ya msikilizaji, anauepuka mpaka apate nafasi ya kuukaza. "Anakimbia" ni yule ambaye furaha ya chemko inampanda kichwani, akaongeza mwendo akawaacha wenzake. "Mkono safi, masikio bado" ni mtu ambaye vidole vimeshafika, lakini anajisikia yeye tu.

Hayo yote yanapimika. Unaweza kuyaandika kwenye karatasi moja, ukagawa zile 30 kwa vipengele vitano, ukawapa wanafunzi siku ya kwanza, na watahini wawili wakaketi pande mbili za ukumbi na kutoa alama zisizopishana sana. Binti angeona mapema kwamba kumwachia mwimbaji nafasi ni alama 6, na kwa bidii yake naamini angezipata. Elimu ya mzee haikuwa na ukungu wowote. Ilikosa mwandishi.

Kwa nini basi jambo dogo hivi likashindikana? Sehemu ya jibu ni ya zamani sana. Boethius, mwanazuoni wa Roma aliyefariki mwaka 524, aliwagawa watu wa muziki mafungu matatu: wanaopiga ala, wanaotunga nyimbo, na wanaoweza kuupima muziki kwa akili. Jina la mwanamuziki alilitoa kwa fungu la tatu peke yake. Mpigaji kwake alikuwa karibu na mtumwa. Vyuo vikuu vya kwanza vya Ulaya vilirithi fikra hiyo. Muziki ulisomwa pamoja na hesabu, jometri na elimu ya nyota, kama elimu ya uwiano wa namba. Wapigaji walikuja kujengewa nyumba yao kando, kama ile ya Paris iliyoanzishwa mwaka 1795. Chuo kikuu chetu cha kwanza kilipoanza Dar es Salaam mwaka 1961, na wanafunzi 13 wa sheria, kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na ngazi za walimu zilikuja na samani. Nje ya Ulaya mgawanyo huo haukushika kila mahali. Al-Farabi, mwanafalsafa wa Kiislamu ambaye nadharia yake ya muziki ilisomwa kuanzia Baghdad hadi Andalusia, anakumbukwa pia kama mpigaji.

Lakini sitaki kumtupia Boethius mzigo wote, maana jiji hili lina historia yake ya kuwaajiri wanamuziki, na hapa ndipo kisa kinaponiudhi. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi. Mwaka 1970 kiwanda cha nguo cha Urafiki, pale Ubungo, kikawa na Urafiki Jazz. Polisi walikuwa na bendi, JKT ikawa na Kimulimuli, Shirika la Usafiri Dar es Salaam likawa na UDA Jazz, bima wakawa na Bima Lee. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 na ikaja kumilikiwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC, ilichukua jina la baa iliyokuwa jirani na Chuo Kikuu. Katika bendi nyingi za namna hii mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Alikuwa na mshahara wa mwezi, ala zilikuwa mali ya mwajiri, na hakuna aliyemuuliza GPA. Mpangilio huo ulikuwa na kasoro zake. Aliyeondoka aliondoka mikono mitupu kwa kuwa gitaa si lake, na wapigaji walihamahama kila waliposikia kwa jirani kuna nyongeza. Hata hivyo swali la "anaajiriwa kama nani" lilijibiwa na kiwanda cha vitenge zaidi ya nusu karne iliyopita. Chuo kikuu, chenye maprofesa wa utawala na wa rasilimali watu, bado kinalitafakari.

Wala si kwamba elimu imeshindwa kabisa kuwapokea. Hukwe Zawose, fundi wa zeze na ilimba kutoka Ugogo, alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981. Kampala, Evaristo Muyinda, aliyekuwa mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, alifanya kazi kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda na kuwafundisha watafiti waliokuja na shahada zao. Marekani, Chuo Kikuu cha Wesleyan kilimchukua Abraham Adzenyah, mpiga ngoma kutoka Ghana, mwaka 1969, naye akafundisha pale kwa zaidi ya miaka arobaini.

Njia iliyokuwa wazi

Kuna jambo ambalo hakuna aliyelitaja kwenye kikao, na mimi lilinijia nilipokuwa nikisoma fomu za chuo hicho hicho. Wanafunzi wa vyuo vyetu huenda mafunzo kwa vitendo, wenyewe huita fildi. Mwanafunzi wa uhandisi anakaa karakana, wa biashara anakaa ofisini, na mwisho msimamizi wa pale kazini anajaza fomu ya tathmini. Fomu ina vipengele: anafika kwa wakati, anafuata maelekezo, anaelewa kazi. Msimamizi huyo anaweza kuwa fundi mkuu mwenye cheti kimoja na uzoefu wa miaka thelathini. Chuo kinazipokea alama zake, kinazichanganya na za mhadhiri aliyekwenda kukagua, na zinaingia kwenye matokeo. Saini zinakuwa mbili.

Yaani chuo kinakubali tayari, kila mwaka, na kwa idara nyingi, kwamba mtu asiye na shahada anaweza kupima kazi anayoijua, ilimradi apimie kwenye fomu iliyokubaliwa na asimame na mtu wa chuo. Hakuna kanuni mpya inayohitajika kwa ajili ya gitaa. Mzee angeingizwa kama msimamizi wa kazi, vigezo vyake vitano vikawa fomu, mhadhiri akatoa alama zake pembeni, na rekodi ya simu ikahifadhiwa kwa ajili ya mtahini wa nje. Rufaa ya binti ingepata kitu cha kupitia.

Njia hii ingesaidia pia kwenye saa. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu krediti moja ni saa 10 za kujifunza, kwa hiyo kozi ya krediti 12 ni saa 120, ukihesabu vipindi, kusoma na mazoezi. Saa hizo zinatosha kusoma historia ya bendi zote za jiji. Kwa mtu aliyeanza na rizimu, huku akingoja zamu kwenye magitaa matano, hazitoshi kumfikisha kwenye solo. Fildi ina saa zake, nje ya hizo za kozi, na inaweza kufanyika barazani Magomeni.

Mhadhiri ameandika pendekezo la namna hiyo, na limefika ngazi ya kitivo. Muhula huu kozi inaendelea bila kupiga. Kwenye ratiba bado inaitwa ya vitendo. Kijana hakukata rufaa ingawa alikuwa na haki nayo. Aliniambia B+ haimzuii kupiga harusini. Binti, na hili sikulitarajia, amekuwa akienda kwa mzee Jumamosi asubuhi, kwa hela yake.

Pendekezo lina tundu moja, nalo ni malipo. Msimamizi wa fildi karakana analipwa na mwajiri wake, kwa hiyo chuo hakigharimiki. Mzee hana mwajiri. Wakimwingiza kwa njia hiyo bila nafasi ya ajira, watapata saini yake bure na fomu ya madai itabaki pale pale. Nafasi lazima iundwe, iwe ya mkataba wa mwaka au miaka miwili, yenye ngazi ya mshahara inayopimwa kwa miaka ya kupiga. Utumishi wanasema serikalini hakuna muundo wa namna hiyo. Waulize Polisi, waulize JKT. Huko mpiga tarumbeta ana cheo, ana mshahara, na akistaafu ana pensheni.